Mji Ulioketi Njiani: Miaka Mia Tano ya Jiji la Panama

Mtu akisimama Kivukoni, Dar es Salaam, au akivuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, akaitazama meli kubwa inayopita na kusoma maandishi ya kwenye tezi, mara nyingi atakuta neno moja: PANAMA. Meli yenyewe huenda iliundwa Korea, tajiri wake akawa Mgiriki, mabaharia wake Wafilipino, na haijawahi kutia nanga Panama hata siku moja. Imeandikishwa huko tu. Kwa karibu karne nzima nchi hiyo imeliacha daftari lake la meli wazi kwa yeyote mwenye ada mkononi, na leo bendera yake ni miongoni mwa zinazopeperushwa na meli nyingi zaidi duniani.

Hata kofia ya panama si ya Panama. Hufumwa Ecuador. Jina ililipata kwa kuwa iliuzwa Panama, kwa wasafiri waliokuwa njiani, na ikazidi kuvuma pale Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alipopigwa picha ameivaa akikagua kazi ya mfereji, Novemba 1906. Ndiyo tabia ya mji huu tangu uzaliwe: vitu vingi vinavyobeba jina lake vimetoka kwingine na vinakwenda kwingine. Mji umeketi njiani, unatoza. Anayetaka kuielewa historia yake hana haja ya kukariri majina ya magavana. Aulize mambo mawili: ushuru unaingia mkononi mwa nani, na mzigo uko kichwani kwa nani?

Panama ni shingo ya nchi, ukanda mwembamba unaounganisha Amerika ya Kaskazini na ya Kusini na kuzitenga bahari mbili. Wengi hudhani shingo hiyo imesimama wima ramani inapotazamwa, kumbe imejipinda kama nyoka. Meli inayoingia mferejini kutoka Karibi hutokea Pasifiki ikiwa mashariki zaidi ya pale ilipoanzia, na mkazi wa jiji huliona jua likichomoza kutoka Bahari ya Pasifiki, jambo linalomchanganya kila mgeni. Bahari hiyo ni ya bamvua kali: maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya mita tano hadi sita. Upande wa pili, Karibi, hayafiki hata mita moja.

Wahispania waliposikia habari za bahari hiyo, aliyewatangulia kuiona alikuwa Vasco Núñez de Balboa, Septemba 1513. Malipo yake yalikuwa shoka. Gavana Pedro Arias Dávila, ambaye kwa mkataba wa ndoa alikuwa mkwewe, alimkata kichwa Januari 1519. Miezi saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1519, gavana huyohuyo alianzisha mji penye kijiji cha wavuvi, na ndio uliokuwa mji wa kwanza wa Wazungu kwenye pwani ya Pasifiki ya mabara hayo. Jina Panama, wasemavyo wenyewe, maana yake ni wingi wa samaki. Waliolitumia jina hilo, watu wa lugha ya Cueva, hawakudumu. Vita, utumwa na maradhi viliwamaliza ndani ya miongo michache.

Francisco Pizarro aliondokea hapo kwenda kuivamia Peru. Peru ilipoanguka, dhahabu yake na fedha ya mlima wa Potosí zikaletwa kwa meli hadi Panama, zikashushwa, zikapandishwa juu ya baghala na kuvushwa msituni hadi Nombre de Dios, na baadaye Portobelo, ambako merikebu za Uhispania zilisubiri. Njia zilikuwa mbili. Camino Real ilikuwa ya nchi kavu mwanzo hadi mwisho. Camino de Cruces ilikwenda kwa miguu hadi Mto Chagres, kisha kwa mtumbwi. Zote zilikuwa matope, mbu na maporomoko, na walioongoza wanyama na kubeba mizigo walikuwa Waafrika. Katika mji huo idadi ya Waafrika iliizidi ile ya Wahispania. Kati ya magofu ya mji wa kale pamebaki kuta za nyumba ya Wagenoa, watu wa Genoa ya Italia, na biashara ya Wagenoa ilikuwa watu.

Wengi walikimbia. Kihispania kiliwaita cimarrones. Kiswahili kina neno lake la zamani, watoro, na maana ni ileile: mtumwa aliyeingia msituni na kujenga kijiji chake. Katika miaka ya 1550 kiongozi mmoja, Bayano, alikuwa na watu wengi na ngome yake mashariki ya mji, na misafara ya baghala haikupita kwa amani. Wahispania walishindwa kumpata kwa bunduki. Wakampata kwa karamu. Pedro de Ursúa aliwaalika kwa jina la mapatano, vinywaji vikatiwa dawa, na Bayano akachukuliwa mateka. Alifia Uhispania. Watoro hawakuisha kwa hilo. Mwaka 1573 waliungana na Mwingereza Francis Drake wakavizia msafara wa fedha karibu na Nombre de Dios, na kabla karne haijaisha Wahispania walilazimika kupatana nao na kuwaachia vijiji vyao. Leo mto mkubwa na ziwa la mashariki ya jiji vinaitwa Bayano. Aliyemlaghai hana mto.

Sifa ya utajiri haina siri. Januari 1671 Henry Morgan, haramia aliyetoka Jamaika, aliivuka shingo ya nchi na watu zaidi ya elfu moja. Njaa iliwatesa njiani hata wakatafuna ngozi za mifuko. Walipotokeza uwandani mbele ya mji, gavana Juan Pérez de Guzmán alikuwa na hila aliyoiamini sana: kundi la ng'ombe litimuliwe liwakanyage maadui. Bunduki zikalia, ng'ombe wakageuka, na hila ikaishia kwa mwenyewe. Mji ulianguka tarehe 28 Januari. Ulipoungua, moto ulianzia kwenye baruti, na aliyekuwa ametoa amri ya kuilipua ni gavana mwenyewe, ili asimwachie adui kitu. Hazina kubwa ilikuwa imekwishapakiwa melini na kukimbizwa. Maharamia wakagawana kidogo kuliko walivyoota, wakamnung'unikia Morgan kwamba amewaibia. Huko Ulaya Uingereza na Uhispania zilikuwa zimekwishaandikiana amani, kwa hiyo Morgan alikamatwa na kupelekwa London. Mfalme akampa cheo cha heshima na kumrudisha Jamaika awe naibu gavana.

Magofu hayo, Panamá Viejo, yangalipo, na mnara wa kanisa kuu umesimama peke yake katikati ya majani, nyuma yake majumba ya vioo. Pichani ni mahali pazuri mno, na ni haki pawe katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO.

Januari 1673 mji ulianza upya, kilomita kama 8 kusini-magharibi, juu ya ulimi wa mwamba chini ya kilima cha Ancón, mahali ambapo miamba ya baharini ilizuia meli kusogea. Mji wa zamani ukawa chimbo la mawe. Uso mzima wa kanisa la La Merced ulibomolewa na kusimamishwa tena jiwe kwa jiwe mahali papya. Kanisa kuu lilichukua zaidi ya miaka mia moja kukamilika, hadi 1796, na ncha za minara yake zikapambwa kwa lulumizi za Visiwa vya Lulu. Wageni huonyeshwa madhabahu ya dhahabu katika kanisa la San José na kusimuliwa kwamba padri mmoja aliipaka rangi nyeusi ili Morgan asiitambue. Ni hadithi tamu, nami siioni sababu ya kumharibia mtu utamu wake.

Cha kuangalia zaidi katika mji huo mpya ni ukuta. Ndani ya ukuta waliishi Wahispania na watoto wao. Nje, katika mtaa wa Santa Ana, waliishi weusi, machotara, mafundi na wachuuzi. Ukuta wenyewe ulikuja kubomolewa sehemu kubwa, lakini mpaka haukubomoka. Ulikuwa ukihama tu, na utaona unavyorudi.

Karne ya kumi na nane ilikuwa ya usingizi. Waingereza waliibomoa Portobelo 1739, meli za Uhispania zikazoea kuzunguka Rasi ya Horn, moto ukautembelea mji mara tatu. Tarehe 28 Novemba 1821 Panama ilijitoa kwa Uhispania bila vita na kujiunga na Kolombia ya Simón Bolívar. Mwaka 1826 Bolívar aliitisha hapo mkutano wa mataifa mapya ya Amerika. Mwenyewe hakufika.

Kilichouamsha mji ni dhahabu ya watu wengine. Ilipopatikana California, Wamarekani wa mashariki waliona njia fupi ni kwa meli hadi Panama, kuvuka, kisha meli tena. Maelfu wakamiminika. Kwanza walivuka kwa mitumbwi na baghala, na wenyeji wakapata riziki: wenye mitumbwi, wenye wanyama, mama wapishi, wenye vyumba vya kulala. Halafu kampuni ya New York ikajenga reli, ikakamilika Januari 1855 baada ya kuwazika maelfu ya vibarua, Wachina, Waayalandi na watu wa Karibi. Tiketi ilikuwa dola 25 za dhahabu, na safari iliyochukua siku kadhaa ikawa ya saa chache. Abiria akateremka kwenye treni akapanda meli. Mwenye mtumbwi akabaki na mtumbwi wake.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Wapanama hulikumbuka kama kisa cha tikitimaji. Jioni ya tarehe 15 Aprili 1856 Mmarekani mlevi, Jack Oliver, alichukua kipande cha tikiti kwenye meza ya mchuuzi José Manuel Luna, akakila na kukataa kulipa. Maneno yakazaa bastola, bastola ikazaa ghasia. Watu wa mitaa ya nje ya ukuta waliishambulia stesheni, na kulipokucha watu kama 17 walikuwa wamekufa, wengi wao Wamarekani. Vitabu vingi vya zamani vilisema ni ukatili wa makabwela. Kwangu mimi hesabu ni nyingine: mwaka mmoja kabla, watu hao walikuwa na kazi. Serikali ya Bogotá, iliyoitawala Panama, ililazimika kuilipa Marekani fidia ya zaidi ya dola 400,000, na Septemba mwaka huohuo askari wa Marekani walishuka mjini. Haikuwa mara ya mwisho.

Kisha akaja Ferdinand de Lesseps. Huyu ndiye aliyeuchimba Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869 na kuzisogeza meli za moshi karibu na Zanzibar na pwani yetu yote. Suez ni mchanga na tambarare. Aliamini Panama itachimbika vivyo hivyo, usawa wa bahari hadi usawa wa bahari, bila kupandisha meli. Dalili zilikuwepo tangu siku ya ufunguzi, Januari 1880. Inasimuliwa kwamba boti ilichelewa kufika mahali pa sherehe, kwa hiyo jembe la kwanza likapigwa ndani ya boti, kwenye sanduku la mvinyo wa shampeni lililojazwa udongo.

Milima iliporomoka, Mto Chagres ukafurika, na homa ikafagia watu. Hospitali nzuri ya Wafaransa kilimani Ancón iliweka miguu ya vitanda ndani ya vibakuli vya maji ili sisimizi wasiwapande wagonjwa. Mbu wakazaliana humo. Daktari wa Kuba, Carlos Finlay, alikuwa amekwishasema tangu 1881 kwamba mbu ndiye anayeeneza homa ya manjano, ila wakubwa hawakumsikiliza. Hadi kampuni ilipofilisika 1889, watu wapatao 22,000 walikuwa wamekufa. Kati ya waliopita na kupona alikuwamo mchoraji Paul Gauguin, aliyeshika sururu wiki chache mwaka 1887 akiwa hana senti. Leo kwenye ncha ya mji mkongwe kuna Uwanja wa Ufaransa, wenye nguzo yenye jogoo juu yake, masanamu ya wahandisi, na bamba la kumkumbuka Finlay.

Wamarekani walipotaka kuendeleza kazi, walisita kati ya Panama na Nikaragua. Mfaransa Philippe Bunau-Varilla, aliyekuwa na hisa za kuuza katika mradi uliokufa, aliwatumia maseneta wa Washington stempu za Nikaragua zenye picha ya volkeno. Panama nayo ilikuwa na ushahidi wake: tao bapa la kanisa lililoungua la Santo Domingo, lililokaa karne mbili bila nguzo ya katikati, watu wakisema ni dalili kwamba hakuna matetemeko. (Tao hilo lilianguka lenyewe usiku mmoja wa Novemba 2003, bila tetemeko, likajengwa upya.) Bunge la Kolombia lilipokataa mkataba, wakubwa wa mjini, wakiongozwa na Dk. Manuel Amador Guerrero, waliamua kujitenga, na Marekani ikaleta manowari. Tarehe 3 Novemba 1903 majenerali wa Kolombia walifika Colón, upande wa Karibi, na askari wao. Msimamizi wa reli akawakaribisha kwa adabu ndani ya behewa la heshima, akawaahidi kwamba askari watafuata kwa treni nyingine, akapiga kipenga. Askari hawakufuata. Majenerali walikamatwa mjini siku hiyohiyo. Mashua moja ya vita ya Kolombia ilirusha mizinga michache. Ikamuua Mchina mwenye duka, na punda. Hivyo ndivyo nchi ilivyozaliwa.

Siku kumi na tano baadaye mkataba ulitiwa saini Washington. Aliyesaini kwa niaba ya Panama alikuwa Bunau-Varilla, Mfaransa, na wajumbe wa Panama walipofika walikuta wino umekauka. Marekani ilipewa ukanda wa upana wa kilomita 16 kutoka bahari hadi bahari, daima dumu, kana kwamba ni yenye enzi, kwa dola milioni 10 na 250,000 kila mwaka. Ukanda huo ulilizunguka jiji. Kilima cha Ancón, ambacho kila mtoto wa mjini alikua akikitazama, kikawa nchi ya watu wengine, na mshairi Amelia Denis de Icaza, aliyekuwa akiishi ugenini, akarudi kukiaga kwa shairi ambalo wanafunzi wa Panama wanalisoma hadi leo.

Kazi yenyewe ilikuwa kubwa, lazima tuseme ukweli. Daktari William Gorgas aliusafisha mji nyumba kwa nyumba, mabomba ya maji yakaingia, mapipa yenye viluwiluwi vya mbu yakamwagwa, na mgonjwa wa mwisho wa homa ya manjano mjini alionekana Novemba 1905. Wahandisi waliacha ndoto ya Lesseps. Waliuzuia Mto Chagres kwa bwawa, likazaliwa Ziwa Gatún, na meli zikawa zinapandishwa mita 26 katika vyumba vya maji vyenye malango ya chuma, zinavuka ziwa, kisha zinateremshwa upande wa pili. Meli ya kwanza rasmi, Ancon, ilivuka tarehe 15 Agosti 1914, siku ileile mji ulipotimiza miaka 395. Ulaya ilikuwa imeingia vitani, kwa hiyo habari haikupata nafasi kubwa magazetini.

Nani alichimba? Wengi walikuwa watu weusi wa visiwa vya Karibi. Barbados peke yake ilitoa vibarua wa mkataba karibu 20,000. Malipo yalikuwa ya orodha mbili. Wazungu wa Marekani walikuwa kwenye orodha ya dhahabu, weusi kwenye orodha ya fedha, na majina hayo yakabandikwa kila mahali: dirisha la posta, bomba la kunywea maji, mlango wa duka, shule. Katika Kiswahili neno fedha ni lilelile pesa, na mtu angeweza kudhani hao ndio waliopata pesa. Wao walipata senti za saa na baruti. Takwimu za Wamarekani zinahesabu vifo 5,609 katika miaka yao kumi, vingi mno vikiwa vya hao wa fedha. Mwaka 1912 amri ilitoka kuwahamisha wakazi wa ukanda wote, vijiji na miji ya njia ya zamani, hata ile ambayo ziwa halikuifikia.

Mfereji ulipokwisha, wachimbaji walibaki. Waliishi katika nyumba za mbao za ghorofa zilizojengwa haraka na matajiri wa kupangisha, katika mitaa ya El Chorrillo na Calidonia, familia nzima katika chumba kimoja, choo cha wote uani. Mwaka 1925 wapangaji waligoma kulipa kodi, na serikali ikawaita askari wa Marekani kuja kuwatawanya. Katiba ya 1941, ya Rais Arnulfo Arias, ikawanyima uraia watoto wa weusi wasio wasemaji wa Kihispania, waliozaliwa palepale, mpaka ilipofutwa miaka michache baadaye.

Walioitwa wageni ndio walioupa mji ladha na sauti yake. Wali wa nazi, samaki wa nazi na pilipili, muziki wa ngoma na trumpeti, Kiingereza cha visiwani kilichochanganyika na Kihispania: vyote vimetoka kwao. Bondia Roberto Durán, wa mikono ya mawe, alikulia El Chorrillo. Rubén Blades, mwimbaji aliyeufanya muziki wa salsa usimulie habari za mtaani na ambaye baadaye akagombea urais na kuwa waziri wa utalii, alizaliwa mji mkongwe 1948, na babu yake alitoka kisiwa cha Saint Lucia. Katika miaka ya 1980 vijana wa mitaa hiyo waliuchukua muziki wa reggae wa Jamaika wakauimba kwa Kihispania, ukapigwa ndani ya mabasi yaliyochorwa picha kali, yaliyoitwa mashetani wekundu. Mtu wa Nairobi anayejua matatu hahitaji maelezo zaidi. Mbegu ya reggaeton, iliyokuja kukua Puerto Rico na kuenea dunia nzima, ilipandwa humo. Kanisa la mbao walilojenga watu wa Barbados pale Calidonia sasa ni jumba dogo la makumbusho yao. Ukienda Panama, anzia hapo kabla hujaenda kwenye malango ya Miraflores kutazama meli zikipanda na kushuka.

Nilisema ukuta ungerudi. Mpaka wa ukanda ulipita kando ya barabara moja: upande huu vibanda vya El Chorrillo, upande wa pili nyasi zilizokatwa vizuri na nyumba za Wamarekani. Tarehe 9 Januari 1964 wanafunzi wa shule ya Instituto Nacional waliivuka barabara hiyo na bendera ya Panama, wakidai ipandishwe kando ya ile ya Marekani kama ilivyokubaliwa. Katika mvutano bendera ikachanwa. Siku tatu za risasi zilifuata. Walikufa Wapanama wapatao 21, mmoja wa kwanza akiwa mwanafunzi Ascanio Arosemena wa miaka 20, na askari wanne wa Marekani. Panama ikavunja uhusiano wa kibalozi. Barabara hiyo, iliyoitwa jina la sikukuu ya uhuru wa Marekani, sasa inaitwa Barabara ya Mashahidi.

Damu hiyo ndiyo iliyoleta mkataba wa Septemba 1977 kati ya Jenerali Omar Torrijos na Rais Jimmy Carter, wa kurudisha mfereji mwisho wa karne. Torrijos alikufa katika ajali ya ndege 1981. Aliyerithi nguvu ni Manuel Noriega, aliyewahi kulipwa na majasusi wa Marekani na kisha kushtakiwa nao kwa biashara ya dawa za kulevya. Usiku wa tarehe 20 Desemba 1989 ndege za Marekani zilishambulia makao yake makuu, yaliyokuwa katikati ya El Chorrillo. Nyumba za mbao za wachimba mfereji ziliwaka kama kuni. Noriega alijificha katika ubalozi wa Vatikani, wanajeshi wakamzingira na kumpigia muziki wa roki kwa vipaza sauti mchana na usiku, akajisalimisha tarehe 3 Januari. Idadi ya raia waliokufa ingali inabishaniwa, na mwaka 2022 tarehe hiyo ya Desemba ikafanywa siku ya maombolezo ya taifa. Adhuhuri ya tarehe 31 Desemba 1999, chini ya Rais Mireya Moscoso, mfereji ukawa mali ya Wapanama.

Hebu tuwape haki yao: wameuendesha vizuri. Wengi walitabiri kutu na rushwa. Badala yake waliupigia kura ya upanuzi 2006, na malango mapya makubwa zaidi yakafunguliwa Juni 2016. Meli kubwa ya makontena hulipa mamia ya maelfu ya dola kwa kupita mara moja. (Mmarekani Richard Halliburton aliyeogelea mfereji wote mwaka 1928 alitozwa kwa uzito wake: senti 36.) Sheria ya benki ya 1970 iliita fedha za nchi nyingine, ambazo nazo ni abiria. Sarafu ya taifa ni balboa, ila noti zinazotumika ni dola za Marekani, tangu 1904. Uwanja wa ndege wa Tocumen ni kituo cha kubadilishia ndege cha bara zima. Mwaka 2014 jiji lilifungua treni ya chini ya ardhi, ya kwanza Amerika ya Kati. Miaka miwili baadaye nyaraka milioni 11.5 za kampuni moja ya mawakili wa mjini zilivuja, na dunia ikaona jinsi matajiri wanavyopitisha mali mahali hapo isionekane. Wapanama waliudhika kwamba kashfa ilibandikwa jina la nchi yao, ilhali wenye fedha walikuwa wa kila taifa. Malalamiko yao yana ukweli, ila walizipokea ada.

Leo mji mkongwe, ulioachwa ukaoza nusu karne, umepakwa rangi. Zimejaa hoteli na mikahawa, na wapangaji wa zamani wengi wamesukumwa nje. El Chorrillo iko mwendo wa dakika tano kwa miguu, na madereva wa teksi humwonya mgeni asipite huko. Barabara ya Amador, wanakotembea watu jioni kwa baiskeli kuelekea visiwa vinne vidogo, imejengwa kwa mawe yaliyochimbwa mferejini, hivyo anayekula aiskrimu pale anakanyaga jasho la watu wa orodha ya fedha. Kilimani Ancón inapepea bendera kubwa ya Panama. Mchuuzi wa samaki wa soko la pwani bado anauza bakuli la samaki aliyekolezwa ndimu, na wanawake wa jamii ya Guna wanauza vitambaa vyao vya mola kwa watalii walioshuka melini kwa saa nne.

Januari 2025 Rais Donald Trump alisema katika hotuba ya kuapishwa kwake kwamba Marekani itauchukua tena mfereji. Rais José Raúl Mulino akajibu kwamba ni wa Panama na utabaki wa Panama. Ila adui aliyeufunga mfereji nusu hivi karibuni hakuwa na manowari. Kila meli inayovuka humwaga baharini maji baridi ya Ziwa Gatún, lita kama milioni 200, na sehemu ya maji ya kunywa ya jiji hutoka ziwa hilohilo. Ukame wa 2023 uliposhusha kina, meli zilipunguzwa kutoka zaidi ya 35 kwa siku hadi chini ya 25, na foleni ikajaa baharini pande zote mbili. Dawa iliyochaguliwa na mamlaka ya mfereji ni bwawa jipya kwenye Mto Indio, magharibi ya ziwa. Katika bonde hilo wanaishi watu wapatao 2,000, wakulima kwa sehemu kubwa, nao wametakiwa wahame.